Maoni Yasiyochapwa

Kila muhula ulipokaribia kwisha, viongozi wa madarasa walipanga foleni mlangoni kwa karani wa kitivo cha biashara, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu za tathmini, ambazo wanafunzi walizijaza bila kuandika majina. Maswali sita yalikuwa ya kuweka vema tu. La saba liliachiwa mistari mitupu: Unatarajia nini kwa mwalimu mzuri, na huyu wako amefikia wapi?

Kazi ya karani ilikuwa kuyachapa majibu ya swali hilo la saba, ili mwandiko usimtambulishe mtu. Kila mwalimu alipata karatasi yake safi, na mkuu wa kitivo aliitia saini bila kuisoma, kwa kuwa kila alichowahi kukisoma kilimzalia kikao.

Karani mwenyewe chuo kikuu alikijua kwa kukifanyia kazi, si kwa kukisomea. Alikuwa na cheti cha uchapaji, basi. Lakini miaka kumi na miwili ya kuchapa maoni ya watu ilimfundisha mambo ambayo wenye joho hawakuyajua. Wanafunzi wa biashara, kinyume na walivyosemwa katika vikao vya walimu, hawakutaka makuu. Walitaka karatasi zao zirudishwe kabla hawajasahau walichoandika. Walitaka anayesema saa mbili aje saa mbili. "Kusoma tunajua, asitusomee," aliandika mmoja. Mwingine aliandika kwamba mama yake anauza vitambaa, na kwa miaka miwili hajasikia darasani neno hata moja la kwenda kumsaidia mama. Mwingine tena, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, aliandika kuwa mwalimu mzuri ukimuuliza swali hakasiriki, na asilolijua husema halijui.

Katika walimu wa kitivo kile alikuwamo mmoja mzee kidogo, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama kama mbao. Alifundisha usimamizi wa biashara. Wenzake walimwita Mwalimu tu, kama vile wao walikuwa kitu kingine. Kwa karani alikuwa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ndiye aliyemshika mkono siku mumewe alipofariki akamwacha na watoto wawili wadogo. Alimtafutia kazi ile. Kila Ijumaa jioni alifika nyumbani kwake, akavua viatu mlangoni, akakaa mezani na watoto na madaftari yao.

Hapo mezani ndipo karani alipomwona shemeji yake akifundisha. Alikuwa na subira ya ajabu. Mtoto akikosea hesabu, hakumwambia amekosea, alimwomba amwonyeshe alikopitia. Akatumia visoda, akatumia vijiko, akajifanya muuzaji mkorofi na watoto wakawa wateja, nyumba nzima ikacheka. Binti ya karani, aliyekuwa akilia machozi kwa ajili ya sehemu na desimali, alifika mahali akawa anaisubiri Ijumaa kama sikukuu.

Mtu yule yule akiingia ukumbini mbele ya wanafunzi mia moja na themanini alikuwa mwingine kabisa. Alifungua jalada la kijani, akatoa maandishi yaliyogeuka rangi kama majani ya chai, akasoma. Alisoma kuanzia saa ilipoanza hadi ilipokwisha, bila kuinua macho, na mzaha wake ulikuja ukurasa ule ule kila mwaka. Mfano wake ulikuwa mmoja, kiwanda cha viberiti, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa kabla wengi wa wanafunzi hawajazaliwa. Walimpa jina la Kaseti. Waliotangulia waliwarithisha wanaofuata, na jina likaishi kuliko kaseti zenyewe.

Mwaka wa tatu wa kazi yake, karani alifungua bahasha ya darasa la shemeji yake wakati mke wa Mwalimu amelazwa. Ugonjwa ulikuwa ule usiotajwa kwa sauti. Mwalimu alikuwa akitoka hospitali asubuhi kuja kufundisha, na akitoka kufundisha akirudi hospitali, na shati bado limepigwa pasi, sijui na nani. Fomu ya kwanza ilisema: Bora tungeletewa redio. Ya pili ilisema: Kaseti imekwaruza. Karani aliziweka kando. Alijiambia ni safari hii tu, mtu hapigwi mgongo wake ukiwa tayari una mzigo. Akachapa zilizokuwa na neno jema au lisilo na ubaya, na karatasi ikatoka fupi lakini safi.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Muhula uliofuata mgonjwa alikuwa amezidiwa, na karani akachuja tena. Safari hiyo, alipomaliza kuchuja, hakikubaki kitu cha kuchapa. Alikaa akiitazama karatasi nyeupe. Halafu akaandika kwa kichwa chake mwenyewe: Mwalimu huyu ni mzazi kwetu. Alipoisoma aliona si uongo mtupu, maana kwa watoto wake ilikuwa kweli. Mwalimu aliipokea, akaisoma amesimama palepale ofisini, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Mkewe alifariki mwezi uliofuata. Baada ya msiba karani alisema basi, sasa nitaacha. Lakini nani humpa mfiwa habari mbaya? Mwaka ukapita, akawa si mfiwa mpya tena, na karani akagundua kwamba kuacha sasa kungekuwa kama kumwangusha mtu kutoka juu ya ghorofa uliyomjengea wewe mwenyewe. Kwa hiyo akaendelea. Miaka tisa. Zile fomu zenyewe hakuzichoma. Alizipanga katika maboksi ya karatasi za printa, akayasukuma nyuma ya kabati. Kwa nini alizitunza hakujua, ila kila alipofagia pale alipita haraka.

Na Mwalimu alizipenda karatasi zile. Katika vikao, wenzake walipolalamika kuwa wanafunzi wa siku hizi hawana shukrani, yeye alisema kwa upole kwamba kwake hajaona hilo. Karani alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akaliandika na hilo.

Kisha chuo kikabadilisha utaratibu. Mkuu wa kitivo alitangaza kuwa bahasha zimekwisha kazi. Wanafunzi watajaza maoni kwa simu zao, na maoni yatakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwalimu. Wote walifurahi kwa kuokoa karatasi. Karani aliandika kwenye kumbukumbu, "Wajumbe walipokea taarifa."

Matokeo ya tathmini yalipotoka, Mwalimu alikuja ofisini kwake saa nne asubuhi. Alikuwa hajui mambo ya nywila, na akaona haya kuwaomba vijana. Akavuta kiti, akavaa miwani, akamwomba shemeji yake amfungulie.

Karani alifungua. Kwa kitambo kidogo alifikiri kumsomea yeye, aseme maandishi ni madogo, ayapindue kinywani kama alivyokuwa akiyapindua mkononi. Lakini Mwalimu alikuwa ameshainama kwenye kioo cha kompyuta. Maoni yalikuwa tisini na manne. Aliyasoma yote, moja baada ya jingine, kidole chake kikifuata mistari kama anayesahihisha mtihani. Alipofika kwenye Kaseti aliuliza hilo ni neno gani. Akasoma mawili matatu mbele, akaelewa mwenyewe.

Alipomaliza, alivua miwani.

"Hawa wa safari hii wana nini?" aliuliza. "Mbona waliotangulia hawakuwa hivi?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa tayari kwenye ulimi: kizazi kimeharibika, simu zimewaharibu. Angelimeza bila shida, ni jibu ambalo watu wazima hulipenda. Lakini karani alimwona ameshika penseli na kipande cha karatasi, na juu yake amekwisha kuandika: 1. Kurudisha kazi zao mapema. Alikuwa ameanza kuorodhesha. Mtu wa miaka sitini na minne, dakika tano baada ya kuvuliwa nguo, alikuwa ameanza kujipanga upya.

"Walikuwa hivi hivi, shemeji," alisema. "Mimi ndiye sikuyachapa."

Mwalimu hakuonekana kuelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu mgonjwa wetu alipolazwa."

Alihesabu kwa vidole kimyakimya. Kisha akauliza jambo ambalo karani aliomba Mungu asiulize, juu ya ile ya mzazi. Karani alikiri kuwa aliiandika yeye.

"Ile nilimsomea hospitalini," Mwalimu alisema. "Mara mbili. Aliniomba nirudie."

Karani, asijue la kufanya na mikono yake, aliliendea kabati, akayatoa maboksi, akayapanga sakafuni. Mwalimu akamwita mlinzi wa getini amsaidie kuyapakia kwenye teksi. Ijumaa ile hakuja nyumbani. Watoto walikuwa wakubwa siku hizi, binti amekwisha kuajiriwa, lakini Mwalimu hakuwa ameacha kuja, kwa mazoea na kwa mazungumzo. Kiti chake kilikaa kitupu, na binti alipouliza, mama yake alisema pengine ana mafua.

Baada ya wiki mbili maboksi yalirudi. Mwalimu aliyaweka juu ya meza, akamwambia kwamba ni mali ya kitivo. Alipotoka, karani alifungua moja. Kila fomu ilikuwa na maandishi pembeni kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amewajibu. "Kweli." "Hapa umenionea, siku hiyo nilikuja." "Sikujua kuwa sauti haifiki nyuma, ungeniambia." "Pole. Mama yako angeanza kwa kuandika anachouza zaidi siku za mvua." Fomu kwa mamia, na waliozijaza walikwisha kuhitimu zamani, wengine wana watoto. Karani alikaa sakafuni nyuma ya meza, mahali ambapo mtu akiingia hangemwona, akalia mpaka kanga ya mabegani ikaloa.

Jioni alimfuata Mwalimu kwenye ngazi za jengo la utawala, akamwomba msamaha. Akaeleza kuwa alimhurumia.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, bila ukali wowote, na huo ndio uliokuwa ukali wenyewe, "Hukunihurumia. Ulisoma maneno yao ukaona mimi sitaweza kubadilika. Ukanihukumu, halafu ukanificha hukumu."

Karani alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kumwona mtu huyu mezani kwake, na visoda na vijiko. Alijua kuliko yeyote duniani kwamba anaweza. Kilichohitajika ni mtu wa kumwambia kwamba ukumbini siye yule wa mezani, na mtu huyo alikuwa yeye, na alikaa kimya. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha uchi wa mwingine.

Mambo hayakuishia hapo. Mwalimu alikuwa amepita umri wa kustaafu, anafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkuu wa kitivo alipoona matokeo ya kwenye kompyuta alishtuka. Alimwita karani amletee karatasi za miaka iliyopita ili alinganishe, na alipoziona safi vile, akasema bila shaka mzee ameugua akili, mtu haanguki hivi kwa mwaka mmoja. Karani alifunga mlango, akamweleza yote, akiwa tayari kufukuzwa. Mkuu alisikiliza akigeuzageuza kalamu. Mwisho alimwambia kuwa karatasi hizo zote zina saini yake yeye mkuu, na kwamba jambo hilo likitoka nje litaaibisha kitivo kizima. Akamwagiza akaendelee na kazi. Mkataba wa Mwalimu hautaongezwa, na sababu itaandikwa kuwa ni umri. Karani alirudi mezani kwake hana hata adhabu ya kuegemea.

Mwalimu aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kumalizia kipindi cha mwisho cha muhula, kile cha marudio. Aliruhusiwa.

Siku hiyo karani alifunga ofisi, akapanda hadi ukumbini, akakaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Wanafunzi hawakufika hata sitini. Wengi walikuwa na simu mikononi, na mmoja alikuwa amelala waziwazi, kichwa juu ya begi. Mwalimu aliingia mikono mitupu. Waliokaa mbele walitazamana. Alisimama pembeni ya meza, si nyuma yake, akasema amesoma maoni yao, na kwamba mengi ni ya kweli. Akasema hana cha kuwasomea leo. Waulize.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hadi feni ikasikika. Karani aliutazama mkono wa shemeji yake ukitafuta jalada ambalo halikuwapo. Mtu alicheka kidogo mahali fulani. Mwalimu alingoja. Akangoja zaidi, mpaka karani akatamani kuinuka aulize yeye, hata kitu cha kipuuzi.

Msichana mmoja wa safu ya tatu, mwenye miwani minene, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kile kiwanda cha viberiti kilifungwa kwa nini?"

Ukumbi ulicheka, kwa kudhani ni dhihaka. Pengine ilikuwa dhihaka. Mwalimu alifikiri.

"Sijui," alisema. "Nimekifundisha miaka ishirini na miwili na sikuwahi kwenda kuuliza. Hebu nisaidieni. Kingefungwa kwa nini?"

Kijana mmoja akasema labda watu walihamia viberiti vya gesi. Mwalimu akamuuliza angejuaje, angetazama kitu gani. Mwingine akasema mbao zilipanda bei. Mwalimu akamwomba amwonyeshe alikopitia hadi akafika hapo. Akachukua chaki, akachora mashine, wafanyakazi, duka la mtaani, mama anayewasha jiko. Akajifanya meneja mbishi asiyetaka kuambiwa kitu, na wakamshambulia kwa hoja, na yeye akabisha hadi wakasimama vitini. Aliyelala aliamka, akauliza jirani yake kumetokea nini. Karani alimwona pale mbele mtu wa Ijumaa jioni, mzima mzima, mbele ya watu karibu sitini, kwa mara ya kwanza. Kipindi kilikwisha na hakuna aliyetoka. Darasa jingine lilikuwa linangoja mlangoni ndipo wakatawanyika, bado wanabishana kuhusu viberiti.

Karani aliteremka ngazi kabla hajaonekana. Aliogopa kwamba akimtazama usoni ataona jinsi shemeji yake alivyofurahi.

Baada ya hapo Mwalimu alikaa nyumbani. Karani alikwenda kumtembelea kila mwezi. Alipokelewa vizuri, akaletewa chai, akaulizwa habari za watoto mmoja mmoja, akasindikizwa hadi barabarani. Ila hakuitwa shemeji tena. Aliitwa Bi Karani, kwa heshima zote. Siku moja hakuweza kuvumilia, akaweka kikombe chini, akamuuliza kama bado hajamsamehe.

Mwalimu alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya lote, ganda halikukatika.

"Nimekusamehe zamani," alisema. "Bado sijazoea tu." Akampa nusu ya chungwa.

Karani aliipokea nusu ile akaila yote, ingawa ilikuwa kali. Alirudi nyumbani akiwa na matumaini. Kuzoea ni suala la muda, alijiambia, na wote wawili wapo. Lakini muda haukuwapo. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Mwalimu aliamka asubuhi akawaambia wa nyumbani mwake kuwa mkono wa kushoto una ganzi, akarudi kulala kidogo, na hakuamka.

Mazishini walizungumza jamaa, akazungumza mkuu wa kitivo kwa dakika ishirini kutoka kwenye karatasi. Mwisho akaomba nafasi msichana mwenye miwani minene, ambaye hakuna wa ukoo aliyemfahamu. Alisema yeye na mama yake wana duka dogo la kushona. Alisema hana maneno mengi, ila alitaka familia ijue kwamba marehemu aliwafundisha siku moja, na ile siku hajaisahau.

Shangazi aliyekaa mbele akamnong'oneza jirani yake kwamba maskini mtoto amechanganyikiwa kwa majonzi, alitaka kusema miaka. Jirani akaitikia kwa kichwa. Karani aliyasikia, na hakuwasahihisha. Watu walipoanza kuinuka alikwenda uani walikokuwa wanawake wengine, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha vyombo.